Pikipiki Nyuma ya Gari: Somo la Wenzo Katika Nchi ya Ugalla

Mto Ugalla hukusanya maji yake katika nyanda za magharibi ya Tanzania, ukapita katikati ya misitu ya miombo na mbuga zinazofurika, hatimaye ukaungana na Malagarasi uendao Ziwa Tanganyika. Upande wa Mpanda, ambao tangu mwaka 2012 umo katika Mkoa wa Katavi, ni nchi ya miti, nyuki na mbung'o, yenye vijiji vilivyo mbalimbali. Huko ndiko warina asali huingia kiangazi kuitazama mizinga yao. Ndiko pia wanasayansi walikowafuata sokwe mtu, kwa kuwa misitu ya Ugalla ni miongoni mwa makazi makavu kupita yote ambamo mnyama huyo anajulikana kuishi. Sehemu ya iliyokuwa Pori la Akiba la Ugalla ilipandishwa hadhi mwaka 2019 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla.

Msafiri aingiaye nchi hiyo kwa kazi ya majuma kadhaa, awe mpimaji wa misitu, mtafiti wa wanyama au mtalii mwenye subira, mara nyingine hutumia gari la kambi. Gari la kambi ni kombi au Land Rover iliyotiwa kitanda, jiko, tangi la maji na sanduku la chakula, ili mwenyewe alale na kupika humo bila ya kutegemea nyumba ya wageni. Faraja ya gari hilo ndiyo pia udhaifu wake. Likishafika kituoni, gari ni nyumba. Na nyumba haiendi sokoni. Kila ihitajikapo chumvi, dawa au kipuri, sharti vyombo vyote vifungashwe na tani mbili za chuma ziendeshwe kwa ajili ya mzigo unaoenea mkononi. Ndipo wengine hufikiria kuchukua pikipiki ndogo na kuifunga nyuma ya gari.

Wazo hilo ni jema, lakini lina hesabu ndani yake. Watu wengi huuliza swali moja tu: je, gari litauweza uzito wa pikipiki? Swali hilo halitoshi, maana gari lililoundwa kubeba watu saba halishindwi na kilo mia. Swali lenyewe ni hili: uzito huo utakaa wapi, na kwa umbali gani kutoka kwenye ekseli? Baina ya maswali hayo mawili ipo tofauti ya gari linalotii usukani na gari lisilotii, na tofauti hiyo yaweza kuonyeshwa kwa kanuni ambazo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mapema katika somo la fizikia.

KAZI KWANZA, CHOMBO BAADAYE

Kabla ya kuchagua pikipiki hapana budi kujua itafanya kazi gani. Kambini Ugalla kazi huwa tatu: kufuata mahitaji kijijini, kupita vijia vya warina asali ambavyo gari halipiti, na kumwahisha mgonjwa zahanati. Hiyo ya tatu ndiyo kubwa kupita zote, kwa sababu mtu aliyeumwa na nyoka hawezi kusubiri mpaka kambi ikunjwe.

Akiba ya petroli nayo ni kubwa. Gari la kambi lenye injini ya petroli hutumia yapata lita 12 hadi 15 kwa kila kilomita 100 za njia mbaya, ilhali pikipiki yenye injini ya sentimita za ujazo 125 hutumia yapata lita 2 na nusu. Hivyo safari moja ya kilomita 60, kwenda na kurudi, itaigharimu kambi lita 7 hadi 9 kwa gari, na lita 1 na nusu tu kwa pikipiki. Mahali ambapo kila lita imeletwa kwa madumu kutoka mjini, tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo, kazi hizo ni za vijijini na za mapori ambako msafiri amepewa ruhusa. Hifadhi ya Taifa ina sheria zake, na pikipiki si chombo cha kutembelea tembo na nyati. Mwenye pikipiki hana budi kuuliza na kupata idhini ya wahifadhi kabla ya kuishusha garini.

Baada ya kazi, ardhi yenyewe nayo itazamwe. Ardhi ya Ugalla ni ya namna mbili. Miinukoni, ambako huota miyombo na mininga, udongo ni wa mchanga na changarawe. Mabondeni ni mbuga nyeusi, yaani udongo wa mfinyanzi ambao huvimba unyweapo maji na kupasuka ukaukapo. Mvua huanza takriban mwezi Novemba na kukoma mwezi Aprili au mapema Mei. Wakati huo tope la mbuga hugandamana baina ya tairi na madigadi ya pikipiki mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Kwa hiyo pikipiki ya nchi hii yahitaji nafasi ya kutosha kati ya tairi na madigadi, tairi zenye meno, na tumbo lililoinuka juu ya visiki.

UDOGO UNAOFAA NA UDOGO USIOFAA

Kwa kuwa mzigo utaning'inizwa kwenye gari, mtu aweza kudhani kwamba pikipiki ndogo kuliko zote ndiyo bora. Historia yatoa mifano miwili ya kuonya. Katika Vita Vikuu vya Pili Waingereza walitengeneza pikipiki iliyoitwa Welbike, yenye injini ya sentimita za ujazo 98 na uzito wa yapata kilo 32, ambayo ilikunjwa ikatiwa ndani ya mtungi wa kuangushwa kwa mwavuli kutoka kwenye ndege. Mwaka 1981 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa Motocompo, kijipikipiki cha kilo zipatazo 45 kilichokunjwa kikaingia katika buti la motokaa ndogo ya kampuni hiyohiyo. Vyombo vyote viwili vilibebeka vizuri mno. Lakini magurudumu yake yalikuwa madogo, na gurudumu dogo ni adui wa njia mbaya.

Sababu yake yaonekana kwa kukokotoa momenti. Chukua gurudumu linalosukumwa kwa kani ya mlalo ili lipande jiwe lenye kimo cha sentimita 5. Ukingo wa jiwe ndio egemeo. Kani ya kusukuma hufanya kazi katika kimo cha kitovu cha gurudumu juu ya ukingo huo, nao uzito hufanya kazi katika umbali wa mlalo kutoka ukingoni hadi chini ya kitovu. Ikiwa nusu kipenyo cha gurudumu ni sentimita 15, umbali wa kwanza ni sentimita 10 na wa pili ni sentimita 11.2, kwa hiyo kani inayohitajika ni mara 1.12 ya uzito uliolalia gurudumu. Ikiwa nusu kipenyo ni sentimita 30, umbali huo ni sentimita 25 na sentimita 16.6, na kani inayohitajika ni mara 0.66 tu ya uzito. Jiwe ni lile lile. Gurudumu dogo limelifanya kuwa ukuta.

Kwa hiyo chaguo la busara liko katikati: pikipiki yenye magurudumu kamili, injini ya sentimita za ujazo 90 hadi 125, na uzito wa kilo 80 hadi 120. Mpanda iko yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa hupungua uzito wake kadiri mtu apandavyo juu, injini isiyo na kifaa cha kushindilia hewa hupoteza takriban sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100. Hasara ya sehemu 11 katika mia yavumilika, mradi mwendeshaji asidai mwendo wa mjini.

Jambo jingine ni matengenezo. Mwaka 1976 Honda ilitoa pikipiki iitwayo CG125, iliyokusudiwa nchi ambazo vyombo hufanya kazi nyingi na kupata matunzo machache. Vali za injini yake zilifunguliwa kwa vijiti vya kusukumia badala ya cheni ndefu ya ndani, ili vipuri vinavyohitaji kurekebishwa mara kwa mara viwe vichache. Baadaye viwanda vya China viliiga sana muundo huo, na injini za jamaa yake zimeenea katika bodaboda za Tanzania. Kwa msafiri wa Ugalla maana yake ni hii: pikipiki ambayo fundi wa Mpanda au wa Inyonga aijua kwa kuishika, ambayo cheni, spoki na plagi zake zauzwa dukani, ni bora kuliko pikipiki nyepesi na nzuri ambayo kipuri chake husubiriwa kutoka ng'ambo.

Mwendeshaji naye asisahauliwe. Mbung'o, waenezao malale, hufuata vitu viendavyo na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nguo za mpanda pikipiki na turubai la kuifunikia na ziwe za kaki au za rangi ya majani makavu.

GARI KAMA WENZO

Sasa na irudiwe hoja ya msingi. Gari lililosimama juu ya ekseli mbili ni wenzo. Mzigo ukikaa baina ya ekseli, uzito wake hugawanywa kwa zote mbili. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo hugeuka kuwa egemeo, na upande wa mbele wa gari huinuliwa, kama mtoto aliyeketi mwisho wa ubao wa pembea amwinuavyo mwenzake.

Chukua kombi ya zamani ya Volkswagen, ambayo umbali baina ya ekseli zake ni mita 2.40. Fundi amechomelea keria nyuma ya bampa, na kitovu cha uzito cha pikipiki pamoja na keria kiko mita 1.50 nyuma ya ekseli ya nyuma. Pikipiki ina kilo 120 na keria ina kilo 30, jumla kilo 150. Uzito unaoondoka mbele ni:

150 × 1.50 ÷ 2.40 = kilo 94, kwa kukadiria.

Na uzito unaoongezeka nyuma si kilo 150, bali ni 150 na 94, yaani kilo 244. Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani wamebeba kilo 150, kumbe ekseli ya nyuma imetwishwa karibu robo tani, na kila tairi la nyuma limeongezewa kilo 122. Kombi hiyo, tena, ina injini nyuma. Ekseli yake ya nyuma ilikuwa na kazi ya kutosha kabla ya pikipiki kuja.

Ikiwa ekseli ya mbele ilikuwa imebeba kilo 900, sasa imebaki na kilo 806. Imepoteza zaidi ya sehemu 10 katika mia. Magurudumu ya mbele ndiyo yaongozayo gari, na ndiyo yafanyayo sehemu kubwa ya kazi ya breki. Msuguano unaoyashikiza ardhini hulingana na uzito ulioyalalia: uzito ukipungua, na mshiko hupungua kwa kiasi hicho. Katika lami kavu dereva huenda asione tofauti. Katika changarawe, ambako mshiko ni mdogo tangu awali, atakata usukani konani na gari litaendelea mbele kidogo kabla ya kutii. Hicho kidogo ndicho upana wa barabara.

Sasa chukua pikipiki ya kilo 80 na keria nyepesi ya kilo 20, iliyosogezwa karibu na bampa hata kitovu chake kikawa mita 1.20 nyuma ya ekseli. Mbele patapungua kilo 50, na nyuma pataongezeka kilo 150. Kwa kupunguza uzito kwa theluthi moja na kuusogeza mzigo sentimita 30 tu, hasara ya mbele imepungua karibu nusu. Mtu anunuapo pikipiki kwa ajili ya kuibeba, kila kilo na kila sentimita ina bei yake.

Waweza pia kurudisha uzito mbele kwa kuhamisha mizigo mingine. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Madumu yenye lita 60 za maji yakihamishwa mita 1.60 kuelekea mbele, ekseli ya mbele hurudishiwa 60 × 1.60 ÷ 2.40, yaani kilo 40. Lakini maji hunywewa. Kambi ikivunjwa baada ya majuma mawili, madumu ni matupu na pikipiki iko palepale nyuma, na gari lililokwenda vizuri hurudi likiwa jepesi mbele. Mizani ya mzigo hupimwa mara mbili: wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

MTIKISIKO NA UCHOVU WA CHUMA

Hesabu hizo ni za gari lililosimama. Barabara ya udongo iliyopitiwa sana hufanya mgongo kama wa bati, na gari lipitapo juu yake hurushwa juu na chini bila kukoma. Wakati sehemu ya nyuma inaposukumwa juu kwa mchapuko ulio sawa na wa graviti, keria huhisi uzito mara mbili. Mzigo wa kilo 100 ulio nusu mita nyuma ya bampa huitia miguu ya keria momenti ya nyutoni-mita 490 gari likiwa limesimama, na 980 katika mruko kama huo.

Chuma hakivunjiki kwa mruko mmoja. Mwanafunzi akichukua kipande cha waya na kukipinda huku na huko, ataona kwamba hakikatiki mara ya kwanza wala ya tano, bali baadaye, ingawa kani ni ileile. Huo ndio uchovu wa metali. Katika keria, ufa huanzia pembeni mwa mahali palipochomelewa, hukua polepole chini ya rangi, na siku ya kukatika hautoi taarifa. Kwa hiyo keria ishikwe na chesisi, si bampa wala bati la mwili. Iwekwe vishikizo vya mshazari. Na kila jioni mwenye gari apitishe kitambaa penye maungio na kutazama kama rangi imepasuka au kutu imechora mstari.

Lipo pia suala la inesha ya mzunguko. Aliyebeba ngazi ndefu begani anajua: kuanza kugeuka ni kazi, na kuacha kugeuka ni kazi zaidi. Upinzani huo hukua kwa mraba wa umbali kutoka kitovu cha gari. Pikipiki iliyo mita 2.70 kutoka kitovu hicho hutoa upinzani zaidi ya mara 11 kuliko pikipiki hiyohiyo ikiwa mita 0.80 tu. Nyuma ya gari ikianza kuteleza juu ya mchanga, mzigo wa mbali huendelea kuivuta hata baada ya dereva kurekebisha usukani.

Mwisho, keria ndefu hugusa chini. Bampa lililo sentimita 45 juu ya ardhi na mita 1.10 nyuma ya gurudumu huruhusu gari kupanda ukingo wenye pembe ya digrii zipatazo 22. Keria ya kimo hicho hicho, lakini ikifika mita 1.80 nyuma, huishusha pembe hiyo mpaka digrii 14. Makorongo ya Ugalla yenye kingo za namna hiyo ni mengi.

NDANI, MBELE AU JUU?

Kwa kanuni ya wenzo, mahali bora ni ndani ya gari, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Pikipiki ya kilo 80 iliyo sentimita 40 mbele ya ekseli hiyo huongeza kilo 13 mbele na kilo 67 nyuma, wala haidhuru usukani. Lakini gari la kambi ni chumba cha kulala na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hutuama sakafuni, na ufikapo takriban sehemu 1.4 katika mia ya hewa waweza kuwaka kwa cheche moja. Mahali palipo bora kwa momenti ndipo palipo pabaya kwa moto. Atakayeibeba ndani afunge bomba la petroli na mtungi wa gesi, afungue madirisha, na aishushe pikipiki kabla ya mtu yeyote kuwasha kiberiti au kulala. Aidha, aifunge kwa nguvu zote. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki isiyofungwa hubeba nishati sawa na ya kitu kilichoangushwa kutoka kimo cha karibu mita 10, na mbele yake pana vichwa vya abiria.

Mbele ya gari, mzigo huziba taa na macho ya dereva, na katika magari yenye rejeta mbele huzuia hewa. Juu ya paa, huinua kitovu cha graviti na kulifanya gari liwe jepesi kupinduka, mbali na taabu ya kuinua kilo 80 kupita kichwa. Kwa hiyo nyuma hubaki kuwa mahali pa kawaida, kwa masharti yaliyotajwa: nyepesi, karibu, na imara. Taa za nyuma na namba ya gari zionekane. Zikizibwa, zihamishiwe kwenye keria.

KUPAKIA NA KUFUNGA

Ubao wa mita 2.40 ulioegemezwa kwenye keria yenye kimo cha sentimita 60 ni mteremko wenye faida ya nne. Uzito wa pikipiki ya kilo 80, yaani nyutoni 784, husukumwa kwa nyutoni 196 pamoja na kani kidogo ya kushinda msuguano. Watu wawili waweza kazi hiyo bila kuumia mgongo. Pikipiki ya kilo 120 huwataka watu watatu, na huenda kambini hawapo.

Pikipiki isibebwe ikiwa imesimama juu ya stendi yake. Magurudumu yakae ndani ya mfereji wa chuma, na mikanda minne ivute kuelekea chini, miwili mbele na miwili nyuma, ikiwa imetanuka pande zote mbili. Mikanda ikazwe mpaka springi za mbele zibonyee takriban nusu ya safari yake. Springi isiyobonyezwa hujibonyeza yenyewe kila gari lirukapo. Mkanda hulegea kwa nukta moja, na ndoana huchomoka. Kamba za nailoni zinazonyumbuka hazifai kazi hii. Baada ya kilomita 10 za kwanza, gari lisimamishwe na kila mkanda ukaguliwe, kisha tena kila msafiri apumzikapo.

KUBEBA AU KUTOBEBA

Mwenye hesabu njema hujiuliza pia kama kuna haja ya kubeba. Tawi la reli la Kaliua hadi Mpanda lilikamilika mwaka 1950, likijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, nayo huvuka Mto Ugalla; pikipiki iliyotangulizwa kama mzigo wa treni hailemei ekseli yoyote ya gari la kambi. Tena, Mpanda ya leo ina bodaboda na mafundi tele. Mara nyingi kupatana na mwenye pikipiki wa kijiji cha jirani, aijuaye njia wakati wa tope na wakati wa vumbi, huwa rahisi kuliko kuisafirisha pikipiki kutoka pwani, na fedha hubaki kijijini.

Lakini ikiwa kambi iko mbali na kijiji, na kazi ni ya miezi, pikipiki ya mwenyewe ni uhai. Na ibebwe basi, lakini baada ya gari lote kupimwa kwenye mizani likiwa na mizigo yake, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, na matokeo yakalinganishwa na vikomo vilivyoandikwa katika kibati cha gari. Upepo wa tairi za nyuma uongezwe kulingana na mzigo mpya.

JARIBIO LA DARASANI

Chukua rula ya sentimita 30 na uiweke juu ya penseli mbili, moja kwenye alama ya sentimita 2, nyingine kwenye alama ya sentimita 22. Penseli hizo ndizo ekseli, na sehemu inayotokeza zaidi ya alama ya 22 ndiyo nyuma ya gari. Weka sarafu tano, moja juu ya nyingine, kwenye alama ya 8, ziwe injini na abiria. Sasa ongeza sarafu za aina ileile moja moja kwenye alama ya 29, mpaka penseli ya mbele iachwe wazi. Rudia jaribio ukiziweka sarafu hizo kwenye alama ya 26, kisha kwenye alama ya 18.

1. Ni sarafu ngapi zilihitajika katika kila hali? Ni kwa nini katika hali ya tatu rula haikuinuka kamwe?

2. Kabla ya penseli ya mbele kuachwa wazi kabisa, je, mtazamaji aweza kujua kwa macho kwamba mzigo wake umepungua? Dereva wa gari je?

3. Gari lina mita 2.98 baina ya ekseli. Pikipiki na keria zina kilo 110, na kitovu chake kiko mita 1.40 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tafuta mabadiliko ya uzito katika kila ekseli. Kisha tafuta ni lita ngapi za maji zihamishwe mita 2 mbele ili ekseli ya mbele irudishiwe uzito wake wote, na ueleze hali itakuwaje siku maji hayo yatakapokwisha.